Nani Ashike Usukani Ng'ambo ya Songwe?

Miongoni mwa maswali ambayo msafiri hujiuliza kabla ya kuvuka mpaka wa nchi yake, liko moja linaloonekana dogo na la kifundi tu: je, niendeshe gari mwenyewe, au niendeshwe? Wengi hulijibu kwa kutazama mfuko. Mwenye fedha hukodi gari na dereva, asiye nazo hupanda basi, na aliye katikati hujipiga kifua akasema kwamba ameendesha kutoka Mbeya hadi Dar es Salaam mara nyingi, basi nchi ya jirani itamshinda nini? Mimi nadhani swali hili ni la kijamii na la kisiasa. Ndani yake limo suala la nani anaijua njia, nani anabeba hatari ya safari, na nani atakayesimama mbele ya sheria siku mambo yakiharibika. Kwa hiyo naomba ndugu wasomaji mniwie radhi, wiki hii niache mambo ya uchaguzi na bajeti niandike juu ya usukani.

Lugha yetu yenyewe inatupa pa kuanzia. Kitenzi "kuendesha" kimetokana na "kwenda". Kuendesha ni kukifanya kitu kiende. Tunasema fulani anaendesha gari, anaendesha kikao, anaendesha nchi. Na tunaposema kwamba shirika la umma "linajiendesha", tunamaanisha kwamba halitegemei ruzuku ya mtu mwingine. Kujiendesha, basi, ni sifa. Katika mazungumzo ya vijiweni, mtu anayejiendesha ni mtu aliyekomaa. Lakini sifa hiyo ina sharti ambalo hatulitaji mara kwa mara: anayejiendesha sharti ajue anakokwenda na ajue sheria za anakopita. Akikosa hayo, anachokiita uhuru kinageuka kuwa mzigo kwa watu atakaokutana nao njiani.

Swali hili lilinifikia mwezi wa Julai mwaka 2025, nilipokuwa likizo nyumbani Tukuyu. Mama yangu mzazi, ambaye magoti yake hayamruhusu tena kutembea masafa marefu, alikuwa amepata habari kwamba mdogo wake hajiwezi. Mama mdogo huyo aliolewa upande wa Karonga, Malawi, kabla mimi sijazaliwa, na sasa anaishi Mzuzu kwa binti yake, karibu na hospitali. Dada hawa wawili walikuwa hawajaonana kwa miaka tisa. Mama hakuomba mengi. Alisema tu, "Mwanangu, mimi nataka nikamwone angali ananitambua." Baada ya maneno hayo hapakuwa na mjadala wa kwenda au kutokwenda. Uliobaki ulikuwa mjadala wa namna ya kwenda.

Kikao cha familia kilileta mapendekezo matatu. Mjomba alishauri tupande gari la abiria hadi Kasumulu, tuvuke kwa miguu, kisha tuunge magari upande wa pili, kama watu wote wafanyavyo. Mdogo wangu, ambaye ndiye kijana wetu wa mjini, alisema ni aibu mwalimu wa chuo kikuu mwenye gari lake kumpakia mama mgonjwa wa magoti katika Noah yenye abiria waliobanana, na kwamba niendeshe mwenyewe moja kwa moja hadi Mzuzu. Shangazi akasema tutafute dereva. Kila mmoja alikuwa na hoja, na kila hoja ilikuwa na kasoro.

Kwa wasomaji wasioifahamu njia hiyo, nieleze kidogo. Tukuyu umekaa juu, mgongoni mwa milima, mita zipatazo elfu moja na mia tano na zaidi kutoka usawa wa bahari, chini ya Mlima Rungwe ambao kilele chake kinakaribia mita elfu tatu. Mvua ya huko haina subira, na katika miezi ya kipupwe ukungu huweza kushuka asubuhi ukaficha migomba iliyo hatua kumi kutoka barabarani. Kutoka Tukuyu kwenda kusini barabara ya lami hushuka: unaacha baridi na mashamba ya chai, unapita Ushirika, na kadiri unavyoteremka hewa inazidi kuwa nzito na ya moto, mpaka unaingia tambarare ya Kyela yenye mpunga, kakao na michikichi. Ziwa liko karibu, usawa wake ni kama mita mia tano tu juu ya bahari. Katika kilomita zisizofika sitini umeshuka zaidi ya mita elfu moja. Kisha Kasumulu, kisha daraja la mto Songwe, kisha Malawi.

Ukishavuka, saa yako iko mbele kwa saa nzima, kwa kuwa Malawi hufuata saa ya kusini mwa Afrika. Ziwa lile lile uliloliita Nyasa sasa linaitwa Malawi, na wenyeji wako hawapendi ulibishie jina. Karonga iko umbali wa kilomita zipatazo hamsini, njia ni tambarare na imejaa baiskeli. Mzuzu iko mbele zaidi, kilomita zaidi ya mia mbili kutoka Karonga: barabara huambaa na ziwa hadi Chiweta, kisha hupanda ghafla ukingo wa bonde kwa kona kali, upande mmoja mwamba na upande wa pili korongo.

Jambo la kwanza lililonituliza ni kwamba Malawi huendesha kushoto kama sisi. Hilo si jambo la kudharau. Mtanzania anayevuka Rusumo kuingia Rwanda, au Kabanga kuingia Burundi, hulazimika kuhamia upande wa kulia wa barabara akiwa na gari lenye usukani wa kulia, na kila anapotaka kulipita lori hawezi kuona mbele mpaka nusu ya gari iwe imeshatoka. Kwetu Kusini hatuna taabu hiyo. Malawi, Zambia na Msumbiji wote wanaendesha kushoto, na magari mengi ni yale yale ya mitumba kutoka Japani. Mtu aweza kudanganyika kwamba hajatoka kwao.

Na kwa kweli, kwa maana nyingine, mtu wa Rungwe akifika Karonga hajatoka kwao. Wanyakyusa wa kaskazini mwa Songwe na Wangonde wa kusini yake ni watu wa asili moja, lugha zao zinasikilizana, na salamu ya "ugonile" inaitikiwa pande zote mbili. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia waliofanya utafiti katika eneo hili katika miaka ya 1930, waliandika juu ya Wanyakyusa na pia juu ya Wangonde, kwa kuwa huwezi kuwaelewa wa upande mmoja ukiwapuuza wa upande wa pili. Mpaka uliowatenganisha ulipangwa Ulaya, katika mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890. Mto ambao wazee walikuwa wakiuvuka kwenda kuposa ukawa mwisho wa dola moja na mwanzo wa nyingine. Tukuyu wenyewe Wajerumani waliuita Neu Langenburg wakaujengea boma. Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, jeshi lao lilishuka njia hii hii kwenda kupigana Karonga mwezi wa Septemba 1914, na mwaka 1916 Waingereza wakapanda kutoka upande wa Nyasaland wakautwaa mji.

Nayataja haya kwa sababu yanahusu moja kwa moja swali la usukani. Majeshi hayo hayakubebwa na magari. Yalibebwa na watu. Upande wa Malawi wapagazi wa vita vile huitwa tengatenga, na jina hilo bado linakumbukwa kwa uchungu. Kabla ya vita, ofisa na mmisionari wa Kizungu alisafiri nchi hizi akiwa amelala katika machela iliyobebwa mabegani na wanaume kwa zamu. Neno machela sasa tumeliachia hospitali, lakini lilikuwa chombo cha usafiri cha mtu mkubwa. Katika historia ya njia hii, msafiri wa heshima ni yule aliyekaa, na anayemfikisha ni mtu mwingine ambaye jina lake halikuandikwa. Nilipomsikia shangazi akisema "tutafute dereva", nilijiuliza kama sisi wenye vyeti na magari hatujarithi machela ile kwa sura nyingine.

Fikra hiyo ilinivuta upande wa kujiendesha. Lakini fikra nzuri haitoshi kupandisha gari Chiweta. Nikakaa chini nikapiga hesabu, na nitaiweka hapa wazi kwa sababu huenda ikamfaa mwingine.

Kwanza ni karatasi. Mtanzania haitaji viza kuingia Malawi, na leseni zetu hutambuliwa baina ya nchi za SADC, jumuiya ambayo itifaki yake ya uchukuzi ni ya mwaka 1996. Lakini gari nalo lina uraia. Linahitaji kadi yake ya usajili, na kama kadi si ya jina lako, barua ya mwenyewe. Linahitaji kibali cha kuingia kwa muda, kwa kuwa forodha ya nchi yoyote hudhani kwamba gari la mgeni limekuja kuuzwa mpaka ithibitike vinginevyo. Na linahitaji bima inayovuka mpaka. Hapa ipo kadi ya njano, mpango wa bima wa COMESA ulioanzishwa kwa itifaki ya mwaka 1986. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini ilibaki katika mpango huo, na naona huo ni mmoja wa uamuzi wa busara ambao haukupigiwa makofi. Kadi hiyo humlipia mtu wa tatu utakayemdhuru katika nchi ya watu, na gharama za matibabu ya waliomo garini. Haifuniki gari lako mwenyewe. Ukiligonga jiwe la Chiweta, hilo ni lako na jiwe.

Pili ni mafuta. Kwa vipindi kadhaa tangu mwaka 2022, Malawi imekuwa ikikumbwa na uhaba wa mafuta unaotokana na upungufu wa fedha za kigeni, na binamu yangu wa Karonga alinieleza kwa simu juu ya foleni za magari yaliyolala kituoni. Gari langu, likijazwa tangi, hutembea kilomita mia tano hivi. Tukuyu hadi Mzuzu na kurudi ni zaidi ya mia sita. Yaani ningeweza kufika, lakini kurudi kungetegemea kudra ya foleni. Mdogo wangu akasema tubebe madumu. Nikamwuliza kama angekubali mama yetu akae saa saba katika gari lililofungwa vioo, madumu ya petroli yakiwa nyuma ya kiti chake. Akanyamaza. Hadi Karonga na kurudi, hata hivyo, tangi moja la Kyela lingetosha na kubaki.

Tatu ni barabara yenyewe, na hapa hoja ni ya ujuzi. Njia ya Tukuyu hadi Kasumulu naijua kama ninavyoijua sebule yetu. Najua ni wapi watoto wa shule huvuka saa ngapi, ni wapi akina mama hupanga ndizi na maparachichi ukingoni, ni tuta gani limefutika rangi, na ni mteremko upi unaoteleza baada ya manyunyu. Kipande cha Karonga sikijui vilevile, lakini ni tambarare, kina watu wa kwetu, na kosa la mwendo wa taratibu hurekebishika. Chiweta nimepita mara mbili tu maishani, zote nikiwa abiria. Barabara ya aina ile hujifunzi siku ambayo nyuma yako amekaa mama mwenye miaka sabini na sita.

Nne, na hili ndilo lililonizuia usingizi, ni swali la wajibu. Mgeni ni kuku mweupe, wahenga walisema, hawezi kujificha. Namba ya gari ya Tanzania inaonekana kutoka mbali. Katika vizuizi vya polisi, ambavyo katika Malawi si haba, mgeni ataulizwa pembetatu zake za kuakisi na mtungi wa kuzimia moto kabla ya mwenyeji kuulizwa, na hilo si dhuluma. Ni haki ya mwenye nchi. Lakini likitokea la kutokea, baiskeli ikikatiza ghafla, mtoto akimfuata mbuzi, mwenye usukani ndiye wa kwanza kuulizwa. Atatoa maelezo kwa lugha gani? Polisi wa Malawi huhamishwa kila mkoa kama wa kwetu. Aliye kizuizini huenda hajui Kingonde wala Kiswahili. Na mama yangu atabaki wapi wakati mimi naandikisha maelezo kituoni? Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba barabara huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka duniani, na sehemu kubwa ya wanaokufa ni watembea kwa miguu, waendesha baiskeli na pikipiki. Kwa hiyo, katika hesabu ya uaminifu, swali si tu kama mimi nitakuwa salama. Swali ni kama mwendesha baiskeli wa Karonga atakuwa salama mbele yangu.

Nilipofika hapo nikaona kwamba hoja ya machela haikuwa imekamilika. Kumkodi dereva si lazima kuwe kumpanda mtu mabegani. Inategemea unamkodi kwa sababu gani. Ukimkodi ili yeye abebe hatari ambayo wewe hutaki kuibeba, ukamhimiza akimbize gari ili uwahi, ukamlipa kidogo, ukamwacha alale ndani ya gari wakati wewe umelala kitandani, hapo umelala katika machela, hata kama kiti chako kina kiyoyozi. Ukimkodi kwa sababu anajua usichokijua, ukamlipa thamani ya ujuzi wake, ukautii mwendo wake, ukamtafutia chumba, basi umemfanya mwenyeji wako. Tofauti ya hali hizi mbili haionekani kwa anayelitazama gari likipita. Dereva mwenyewe anaijua.

Uamuzi nilioupeleka kwa familia ulikuwa huu. Ningeendesha mwenyewe kutoka Tukuyu hadi Karonga, kwa kadi ya njano na tangi lililojazwa Kyela. Gari lingebaki uani kwa binamu. Kutoka Karonga hadi Mzuzu tungechukua gari la huko pamoja na dereva wa huko, mtu ambaye binamu anamfahamu na ambaye njia ile ni kazi yake ya kila siku. Mjomba aliridhika kwa sababu sikujifanya jabali. Shangazi aliridhika kwa sababu dereva amepatikana. Mdogo wangu hakuridhika, akasema nimekata usukani katikati kama mkate. Nilimwambia kwamba ndivyo ilivyo. Ujuzi nao una mipaka yake, na mipaka hiyo haikuchorwa mwaka 1890.

Mama aliuliza jambo moja tu: "Huyo dereva ana watoto?" Nikamjibu, "Ndiyo, mama, binamu anasema anao." Akasema, "Basi hatakimbiza."

Tuliondoka alfajiri, taa zikiwa zimewashwa kwa ajili ya ukungu. Mpakani tulikaa muda wa kutosha kwa mama kunywa chai mara mbili. Nilisogea dirisha hadi dirisha na karatasi zangu, huku nikitazama wengine wakivuka: kina mama wenye vifurushi vya vitenge, vijana wa baiskeli, wachuuzi wa mchele, watu ambao hawana gari la kuombea kibali lakini ndio wanaoubeba uchumi wa mpaka huu. Miezi michache tu kabla, watu hao walikuwa wameonja uchungu wa maamuzi ya wakubwa. Mwezi Machi 2025 Malawi ilizuia uingizaji wa bidhaa kadhaa za kilimo, zikiwemo mchele, tangawizi na ndizi. Mwezi Aprili Tanzania ikajibu kwa kuzuia mazao ya Malawi. Kisha serikali zikazungumza na zuio likaondolewa. Kwa aliye Dodoma au Lilongwe ilikuwa mvutano wa wiki chache. Kwa mama wa Rungwe aliyekwishakata mikungu, wiki chache ni ndizi zilizoiva zikaoza. Pale ndipo nilipoelewa vizuri zaidi kwamba kuchagua kuendesha au kuendeshwa ni anasa. Wengi wa wanaouvuka mto ule hawajawahi kuulizwa swali hilo.

Karonga tulifika mchana. Kesho yake dereva alikuja mapema kuliko tulivyokubaliana. Nilimwita "achimwene", kama wanavyoitana ndugu wa kiume huko, naye akamwita mama kwa heshima inayostahili umri wake. Kabla hajawasha gari alizunguka akitazama matairi yote manne kwa kuyapiga teke dogo, na ishara hiyo ilinituliza kuliko leseni yoyote. Kupanda Chiweta alitumia gia ndogo, na kila alipokuta matawi mabichi yametandazwa barabarani alipunguza mwendo kabla ya kona, akijua kwamba mbele kuna gari lililoharibika. Lugha hiyo ya matawi hata sisi tunaitumia; haikunishangaza. Kilichonishangaza ni kona mbili ambazo alipunguza mwendo pasipo tawi lolote. Nilipomwuliza, alisema pale nyani hupenda kukaa katikati ya njia saa hizo. Walikuwepo kweli. Hilo huwezi kulisoma katika ramani ya simu.

Dada wale wawili walionana. Mama mdogo alimtambua dada yake kwa sauti kabla ya kumwona. Walizungumza kwa lugha ya utotoni mwao hadi usiku, na sisi wengine tulitoka nje tukawaachia chumba. Mwezi wa Septemba mama mdogo alifariki dunia. Sitaki kuongeza maneno juu ya hilo, isipokuwa kwamba hesabu yote niliyoieleza hapo juu, ya tangi na kadi na kona, ilikuwa hesabu ya usiku ule mmoja.

Tangu wakati huo nimeulizwa swali lile lile kutoka upande wa pili. Mwanataaluma mwenzangu kutoka Ulaya, anayetaka kuja kuona Ziwa Ngozi na Daraja la Mungu la Kiwira, ameniandikia akiuliza kama akodi gari ajiendeshe katika Rungwe. Wageni wa namna hiyo tunawaona kila kiangazi, na magari yao yenye mahema juu ya paa, wakielekea Malawi au wakitoka huko. Nimemjibu kwa maswali, na maswali yale yale nayaweka hapa kwa yeyote anayeishika njia ya nchi isiyo yake.

Je, unajua kusoma barabara ya huko, au unajua kusoma alama zake tu? Kwetu alama rasmi ni sehemu ndogo ya maandishi. Lori la mbele likiwasha taa ya kulia, huenda halikati kona. Linakwambia usipite, kuna gari linakuja. Gari linalokuja likikumulika mchana, linakuarifu kwamba mbele kuna askari wa tochi. Mtu aliyepunga mkono ukingoni huenda haombi lifti. Anakuonya juu ya ng'ombe. Je, uko tayari kutoendesha usiku, hata kama ratiba yako imechelewa? Miteremko ya Mbeya, kuanzia Igawilo, ina historia chungu ya malori yaliyokosa breki, na giza haliisaidii. Je, umejiuliza utafanya nini ukimgonga mtu, utamfikisha hospitali ipi, utazungumza na nani? Na la mwisho: kama unajiendesha ili kuokoa fedha, je, umehesabu kwamba fedha hiyo ingekuwa mshahara wa kijana wa Tukuyu anayeijua kila kona, na ambaye angekusimulia habari za milima hii kwa namna ambayo hakuna kitabu cha watalii kinachoweza?

Simkatazi. Nchi yenye adabu humwachia mgeni achague. Lakini kuchagua kwa haki kunahitaji taarifa, na hapa ndipo serikali zetu zinapodaiwa. Ni jambo la aibu kwamba raia wa nchi mbili za SADC, wenye ukoo mmoja, analazimika kumpigia binamu simu ili ajue gari lake litahitaji karatasi zipi na kulipiwa kiasi gani. Orodha ya masharti na ada ingebandikwa ukutani pande zote mbili za Songwe, kwa Kiswahili, Kiingereza na Kichewa, yenye tarehe na muhuri, ingepunguza foleni na ingewanyima riziki vishoka wanaojipachika kati ya msafiri na dirisha. Mashirika ya bima yangeeleza kadi ya njano kwa lugha ambayo mwenye Noah anaielewa. Na mamlaka za usalama barabarani za nchi hizi zingekaa pamoja na madereva wa malori, ambao ndio wataalamu halisi wa njia hii, wakaandika kijitabu kidogo cha desturi za barabara kutoka Uyole hadi Mzuzu. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji watu wachache, wiki mbili, na unyenyekevu wa kumwuliza dereva.